Stesheni ya Bati Uani Makole

Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine, kila mmoja apokee salamu kwa imani yake. Dada, asante, lakini kipaza sauti niachie, nitakishika mwenyewe. Wewe kaa tu.

Mimi ni mstaafu wa reli. Nilikuwa stesheni masta huko upande wa Gulwe, mtu wa kupandisha bendera na treni nzima ikanisikiliza. Nikahamia Makole nipumzike. Asubuhi moja nafunga vifungo vya shati, kiharusi kikanishika upande wote wa kulia. Mkono ukalala, mdomo ukapinda, kila nilichosema kikatoka uji. Wenzangu wa ukumbi huu mnanielewa. Nilitamani kufa, na nikakasirika kwamba hata hilo siwezi kulisema mtu akalielewa.

Binti yangu akaniletea treni ya kuchezea, ile kubwa ya betri ya kutembea nje, na reli zake. Mke wangu akazitandika uani, zikauzunguka mpapai. Nikaitazama ikizunguka tu, haina pa kusimama, roho ikaniuma. Treni isiyo na stesheni inakwenda wapi? Nikaanza kujenga.

Nilijenga kwa mkono mmoja. Bati la madebe ya mafuta ya kula, mbao za kreti za zabibu, gundi na msasa. Nikakata madirisha ya ofisi yangu ya zamani, nikatengeneza na benchi la abiria. Mkono wa kulia niliulaza juu ya bati lisisogee. Mama wa mazoezi ya viungo alipokuja hakunisifu.

"Mzee, huo mkono una nguvu kidogo, ila wewe unautumia kama jiwe. Ukiuzoesha hivyo, utabaki jiwe."

Nilimchukia.

Siku ya kuifungua stesheni, mke wangu akakaa kwenye swichi ya mwendo wa treni, upande wa pili wa uani. Mimi kitini karibu na jukwaa, bendera ya kijani mkono wa kushoto. Ameishi nami kota za reli, anajua: kijani ikipanda, njia ni salama. Nikaipandisha. Treni ikaja.

Hapo ndipo nikaliona kosa. Kule kazini reli ilikuwa imenyooka, na jukwaa nililijenga karibu na reli vilevile kama la kule. Lakini uani kwangu ni kona tupu, na kwenye kona behewa refu hutoa ubavu nje ya reli. Kila mtu wa reli anajua hilo. Mimi nilikuwa najenga kwa kumbukumbu, nikasahau ninajenga wapi. Kichwa cha treni ni kifupi, kikapita. Behewa lilikuwa linafuata, na lingezoa kazi yangu yote.

Nikataka kupiga kelele, mdomo ukagoma. Nikapunga bendera. Mke wangu akatabasamu, akaongeza mwendo. Kijani ni kijani.

Ndugu zangu, nawaambia, sisi wa reli tuna ishara moja ya mwisho. Ukikosa bendera nyekundu, ukikosa taa, unainua mikono yote miwili juu. Mmoja peke yake ni salamu tu. Nikaitupa bendera. Wa kushoto ukapanda. Nikautazama wa kulia pale pajani, nikauogopa. Behewa limeshafika jukwaani. Sijui niliuamrisha au ulijiamrisha wenyewe, lakini ulipanda mpaka usawa wa sikio.

Treni ikasimama. Benchi la abiria lilikuwa limelala chini, lakini ukuta umebaki mzima. Mke wangu hata hakuitazama treni.

"Baba," akasema, "usiushushe kwanza."

Akaja akaushika. Tulilia wote wawili, siwafichi.

Msidhani ni muujiza. Kesho yake mkono ulikataa kabisa kupanda. Mama wa mazoezi akarudi, tukaanza upya. Lile jukwaa nikalibomoa, nikalijenga tena kwa mkono huohuo wa kulia. Limepinda, linachekesha, lakini treni inapita.

Namshukuru binti yangu. Namshukuru mke wangu, aliyeisoma ishara yangu wakati mdomo umenitupa. Namshukuru na yule mama aliyenieleza ukweli nikamnunia. Nanyi mliokaa hapa mmeupakata mkono uliolala, upeni kazi, hata kama utaiharibu.

Na mtaniwia radhi, sauti yangu inakuja na kupotea. Spika ni nzima. Ni kwamba kipaza sauti hiki, tangu nianze kusema, nimekishika kwa mkono wa kulia.