Tandiko la Mzee Haugen Lapata Mwenyewe

Mheshimiwa Meya Ostrander. Daktari Ybarra, uliyepima moyo wa kila farasi bondeni humu na kutusahau wenye farasi. Akina mama mliotupikia kondoo na maharage. Wakimbiaji mlionyoosha miguu juu ya viti vya kanisa. Na nyinyi wapanda farasi wenzangu, mnaokula mmesimama kwa sababu zinazojulikana: habari za jioni.

Meya kaniambia nisome hotuba. Nisome nini? Shule niliiacha kabla haijanizoea. Nitasema tu.

Mwaka jana, katika ukumbi huu huu, nilipanda juu ya benchi nikatangaza kwamba katika mbio zetu za watu na farasi hakuna mtu wa miguu miwili atakayetushinda mimi na farasi wangu Juniper kuvuka Mlima Bishop, na akitokea, tandiko langu ni lake. Nani hakusikia? Hata waliokuwa nje walisikia. Na tandiko lile nimelikalia miaka arobaini, zaidi ya kiti chochote cha nyumbani kwangu. Marehemu mke wangu angewathibitishia.

Sasa, kati ya farasi na mtu, nani mvumilivu? Kwenye tambarare, farasi. Kwenye mteremko wa mawe, mtu, maana ana miguu michache ya kuvunja. Lakini farasi akichoka husema kweli: huinamisha kichwa, hukataa maji, na moyo wake humshtaki kwa daktari. Mtu akichoka husema nini? "Niko sawa!" Anatapika viazi: "Niko sawa!" Anasalimiana na kichaka: "Niko sawa!" Ndiyo maana farasi tumempa daktari, na mkimbiaji tumempa fulana.

Jumamosi niliwaacha wote. Wote, nawaambieni! Nilivuka mstari peke yangu, nikavua kofia, nikawapungia mkono. Daktari Ybarra akanitazama.

"Emmett, moyo wa Juniper uko safi. Haya, mkimbize nione hatua zake."

Maana kwa sheria yetu farasi hajafika mpaka akimbizwe kwa kamba mbele ya daktari, kwenda na kurudi, na mwenye kushika kamba akimbie kando yake kwa miguu yake mwenyewe. Juniper alikuwa tayari. Goti langu lilikataa. Nilijaribu hatua chache, nikakaa chini kama gunia la shayiri.

"Mpe mwingine kamba."

"Simpi mtu."

"Emmett, muda unakwenda."

"Uende!"

Mwisho nikakubali. Wakajitokeza wanaume wawili. Wa kwanza Juniper alimng'ata kofia, wa pili alimkanyaga mguu. Nilicheka sana. Niliacha kucheka nilipoona vumbi: Maite Etcheverry, mwalimu wetu wa watoto wadogo, anakuja mbio, uso mweupe kwa chumvi ya jasho. Akavuka mstari. Akanikuta chini na kamba yangu.

"Mzee Haugen, umeumia?"

"Niko sawa!"

Mnacheka? Chekeni.

Akamuuliza daktari, akaelezwa. Nyote mnajua Maite anaogopa farasi. Hata punda wa igizo la Krismasi humzunguka kwa mbali. Alininyang'anya kamba, akafumba jicho moja, akasema, "Twende, mama, kabla akili haijanirudia." Akakimbia! Maili hamsini miguuni, na akakimbia tena! Na Juniper, asiyemtaka mtu, akamfuata akidunda kama mwanakondoo, anamlamba chumvi mkononi.

"Sasa amefika," daktari akasema. Wa pili, nyuma ya Maite.

Wapo walioninong'oneza, "Emmett, mstari ulivuka wewe kwanza, gombea." Nigombee nini? Bila yule binti, Juniper asingehesabiwa kabisa. Mimi ni mbishi, si mwizi. Tena niacheni nijisifu kidogo: nani mwingine humu amewahi kushindwa na kufikishwa na mtu mmoja, siku moja?

Maite, inuka, kama miguu inakubali. Njoo ulichukue. Nimelipaka mafuta. Usiogope, mwalimu, tandiko haling'ati. Anayeng'ata amefungwa hapo nje, na tangu Jumamosi anakutafuta kwa macho. Njoo kwangu kesho: wewe utapanda, mimi nitashika kamba. Tutatembea tu. Kukimbia nimewaachia nyinyi.

Nawashukuru mlionisikiliza, na mlionicheka pia, nimewaona. Asanteni sana.