Kombo Mabruki na Bomba la Mashine

Assalaam aleikum. Jamaa mliofika kwenye hitma hii, mimi ni Shaibu Mabruki, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mashine ya kusaga. Nasoma nilichoandika, kwa kuwa nikisema kwa kichwa nitayaruka mengine.

Marehemu Kombo Mabruki alizaliwa Kiegeani mwaka 1931, mtoto wa kwanza wa Mzee Mabruki na Bi Mize. Alihitimu msahafu chuoni, akasoma shule Kilindoni hadi darasa la nne, 1945. Mwaka 1950 alivuka kwenda Dar es Salaam, akajifunza injini za dizeli gereji. Alirudi Mafia 1968, aliposikia vijiji vinahitaji mafundi.

Mwaka 1957, alipokuja likizo, alitengeneza cherehani ya Biasha binti Saburi. Siku tatu mfululizo akarudi kuitia mafuta. Mzee Saburi akamwambia, "Mwanangu, cherehani imeshashiba. Sema unalotaka." Walioana mwezi huohuo, wakajaliwa watoto watatu.

Kijiji kiliponunua mashine mwaka 1974, yeye ndiye aliyekuwa fundi wake, na mama zetu wakapumzisha michi. Mapema mwaka huu moshi ulikuwa ukichafua ukuta wa msikiti, kamati ikaamua bomba la moshi lizungushwe nyuma ya banda la mashine. Mimi niliamuru yatumike mabaki ya mabomba ya maji, membamba, yenye kona nne. Kombo alikataa.

"Shaibu, injini ikizibwa pumzi inakosa nguvu, na moshi ukikosa njia unarudi ndani. Nitafutie bomba pana."

"Kaka, usinibishie mbele ya mkutano. Kamati imeshapitisha."

Alilifunga. Baadaye nikaziba hata dirisha la banda kwa bati, dizeli isiibwe.

Ramadhani ilipoingia, mashine ilishinda ikinguruma. Kombo akaanza kuumwa kichwa na kuyumba, na mara mbili alionekana akitapika nyuma ya banda. Maneno yakaenea kwamba fundi anakula mchana. Mwanawe Hemedi alizomewa chuoni, akarudi analia. Mimi niliyasikia nikanyamaza, tena niliona haya kuitwa ndugu yake. Alipoomba apumzike siku mbili nilimjibu, "Ngoja Idi ipite, kaka, kina mama wana unga wa kusaga."

Jumanne, tarehe 21 Septemba 1976, saa tisa alasiri, injini ilizimika yenyewe. Bi Arafa, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alichungulia akamkuta ameanguka kando ya mashine, spana mkononi. Tulimzika kesho yake asubuhi.

Jana nililifungua lile bomba. Masizi yamelijaa, tundu lililobaki halipitishi kidole. Nilikaa mle bandani nikalia. Wanaosema swaumu ilimzidi wamekosea, na waliosema alikuwa akila wamemsingizia. Kaka yangu aliuawa na moshi, na bomba niliamuru mimi. Alinionya.

Ameacha mama yetu, Bi Mize, mjane wake, Biasha, watoto wake Biubwa, Hemedi na Kidawa, na mimi.

Nilipompelekea Biasha habari hizi, hakunitukana. Aliuliza tu, "Shemeji, haya utayasema mbele za watu, au wa kuambiwa ni mimi peke yangu?"

Nimeyasema. Hemedi, mwanangu, nyanyua uso: baba yako alikufa amefunga. Mola aipokee funga yake, amlaze mahali pema. Mimi nasubiri hukumu yangu.