Mikono ya Mwalimu Abdiqani Kulow, 1983–2025

Wazee wetu, mama zetu, majirani na wanafunzi wa marehemu, assalamu alaykum. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu hata katika saa hii ambayo ulimi ni mzito, Kwake tumetoka na Kwake tutarudi, na leo Jumapili, tarehe 5 Oktoba 2025, siku ya tatu tangu mazishi, familia imemtwika Salah Kulow, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, naye anaomba mumvumilie akisoma polepole.

Marehemu Abdiqani Kulow Isak alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Hadado, Wajir, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kulow Isak, mfugaji wa ngamia, na Mama Khadijo, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Hadado kuanzia mwaka 1991 hadi 1998, kisha sekondari mjini Wajir hadi Novemba 2002, lakini yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba shule yake ya kwanza ilikuwa kisima, kwa maana tangu akiwa na miaka tisa alisimama na baba yake kuwavutia ngamia maji kwa ndoo na kamba. Hapo ndipo alipofundishwa sheria ya wavuta maji, kwamba kamba hushikwa kwa vidole tu, haizungushwi kamwe kwenye kiganja wala kifundo cha mkono, kwa kuwa ndoo ikiponyoka humvuta aliyejifunga hadi shimoni, na mkono ukianza kulegea mtu huita "Nipokeeni!" bila aibu yoyote, na aliye karibu huikamata kamba papo hapo, bila kuuliza.

Mwaka 2003 alihamia Garissa, akabeba magunia sokoni kwa miaka minane, akawaona wenzake wakipinda migongo mmoja baada ya mwingine, na tarehe 2 Mei 2011 akafungua chumba cha mazoezi nyuma ya soko, chumba cha mabati chenye chuma kimoja cha kuinua, yaani bomba la maji lililotiwa kila ncha mikebe ya rangi iliyojazwa saruji. Zoezi lake kubwa lilikuwa lile la kuvuta chuma ukiwa umeinama, nanyi mliopita mikononi mwake mnalijua, magoti yalegee kidogo, nyonga zirudi nyuma, mgongo unyooke kama ubao, bomba lishikwe kwa upana unaozidi mabega kidogo na kidole gumba kilizunguke, kisha viwiko ndivyo vivute, chuma kije kitovuni wala si kifuani, mifupa ya nyuma ya mabega ikaribiane, halafu kishushwe kwa hesabu ya tatu. Mikanda ya kufungia mikono kwenye chuma aliikataza, akisema mkono ndio mlinzi wa mgongo, ukichoka, zoezi limekwisha.

Tarehe 20 Desemba 2009 alimwoa Bibi Bishara Salat, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili, Idman aliyezaliwa mwaka 2011 na Mursal aliyezaliwa mwaka 2015. Katika saa ya mazoezi ya akina mama, Bishara ndiye aliyewashika mabega na kuwanyoosha, naye marehemu akielekeza kwa sauti akiwa nyuma ya pazia, hata Mama Fartun, muuza maziwa ya ngamia, akamtania, "Mwalimu gani huyu haonekani, kama redio?" naye akamjibu kama mtu na shangazi yake, "Redio haikusikii, eddo, mimi nimesikia umekibwaga chuma, kishushe polepole," na chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Fartun yupo hapa leo, na mgongo wake umenyooka.

Ugonjwa ulianza Agosti 2024, kwa maumivu kati ya mabega, jasho na kukonda, na kama ilivyo desturi yetu alichomwa moto mgongoni mara tatu kama tiba, wala haikusaidia. Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, walikuja wageni waliotaka awafundishe walimu wa shule kadhaa, akainama kuwaonyesha, na alipofika mvuto wa nne vidole vya mkono wa kushoto vikafunguka, akasema kwa sauti ya chini, "Salah, nipokee." Salah alilisikia neno hilo na alijua maana yake, maana naye alilelewa kisimani, lakini aliona haya mbele ya wageni, akacheka, akaleta mikanda ya turubai, akamfunga kaka yake mikono kwenye chuma na kumwambia, "Walaal, ndugu yangu, watu wanaangalia, maliza kumi zako." Akamaliza kumi. Tangu siku hiyo alifungwa kila asubuhi kwa miezi minne, na hakuna aliyeona kwamba mkono ule ulikuwa umekufa, kwa sababu mikanda ilikuwa ikishika badala yake.

Tarehe 11 Juni, katika sala ya adhuhuri, alisujudu akashindwa kuinuka. Hospitalini ilionekana kuwa ni kifua kikuu kilichokula uti wa mgongo karibu na shingo, na daktari, bila kumlaumu mtu, alimweleza Salah kwamba si chuma kilichouleta ugonjwa, ila vidole vilikuwa vimeomba msaada mapema, na kama angeletwa mwezi wa pili pengine vidonge vingetosha. Alifanyiwa upasuaji Nairobi tarehe 3 Julai, akarudishwa Garissa, na hakusimama tena.

Ijumaa, tarehe 3 Oktoba, baada ya sala ya alfajiri, alipokuwa hawezi tena kusema, Salah alitia vidole vyake katika kiganja cha kaka yake, akamwambia, "Kama umenisamehe, nifinye mkono." Vidole havikusogea. Salah hajui kama lile lilikuwa jibu au ugonjwa, na hadi sasa hajui. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi roho ikatoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Garissa na Nairobi, majirani waliopika na kukesha nasi, wapagazi wa sokoni waliochimba kaburi, na wanafunzi wake wote. Kwa desturi ya dini yetu tunawaomba pia, kila aliyekosewa na marehemu kwa neno au kwa tendo amsamehe hapa alipoketi. Mmeitikia, Mungu awalipe. Lakini aliyemkosea marehemu, na anasimama mbele yenu na karatasi hii, mwenye kumsamehe yuko chini ya udongo, basi mwombeeni.

Abdiqani, umevuta vya kutosha. Legeza vidole, walaal, wala usijifunge na kitu. Uliita, hatukukupokea, Mola wako akupokee, ulale kwa amani.