Fundi Aliyeupa Ukumbi Miguu Mipya

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi wenza wa marehemu, mimi ni Chizuko, mtoto wake wa kwanza, na nimepewa heshima ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Mzee Tokuji Minowa.

Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1931 hapa Odanosawa, mtoto wa nne wa mkata magogo Kisaburo na mkewe Ine, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1946, kisha akaenda Kyoto kujifunza useremala wa mahekalu, akafuzu baada ya miaka tisa, miwili ya mwanzo akinoa patasi tu. Alimwoa mama yetu, Fusae, tarehe 14 Aprili 1957, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Noboru na Mitsue.

Kazi iliyompa jina ni ukumbi wa hekalu letu la Shinto, uliojengwa mwaka 1627 kwa mierezi ya mlima huu, nguzo kumi na mbili zikikaa juu ya mawe bila kufungwa, mbao zikiumana bila msumari, na paa la magome ya mberoshi likishuka mbele kufunika ngazi. Theluji ya Januari 1966 iliuinamisha, kamati ya hekalu ikaamua ubomolewe ujengwe wa zege. Baba alitambaa chini ya sakafu siku tatu, akatoka akasema nguzo ni nzima, zimeoza chini tu, aruhusiwe kuuinua ukumbi kwa jeki, akate palipooza na kuunga mbao mpya. Mwenyekiti, Mzee Hatsukano, alimcheka mbele ya watu.

“We Tokuji, bibi kizee wa miaka mia tatu utamnyanyua umvishe viatu?”

“Si viatu, mzee. Miguu.”

Hata hivyo kamati ilimruhusu ajaribu. Sitaficha kwamba alikosea, maana mwenyewe hakuficha: nguzo ya pembeni aliikata kupita kiasi, na mwerezi mkavu wa kuiungia haukuwapo ila ule alioukausha miaka minane kwa ajili ya nyumba yetu. Alikaa nao kutwa bila kuugusa. Mama ndiye aliyemwambia, “Kata, baba Chizuko. Sisi tuna pa kukaa, kwa mama yangu, hekalu litakwenda kwa nani?”

Ukumbi ulisimama wima tarehe 9 Oktoba 1966, nasi tukaishi kwa bibi miaka kumi na mmoja, hadi nyumba yetu ilipojengwa.

Tetemeko la mwaka 1987 lilipopasua kuta za ofisi ya kijiji, ukumbi uliyumba, ukalia kila kiungo, ukatulia palepale juu ya mawe yake. Mzee Hatsukano, mwenye miaka themanini na minne, alikuja kwetu kwa mkongojo, akainama mpaka chini.

“Tokuji, nilitaka kuua kitu kizima.”

“Kaa, mzee, chai inapoa,” baba akasema, na habari hiyo hakuitaja tena.

Novemba 2019 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukakataa kazi, akajifunza kunoa kwa kushoto, hadi tarehe 8 Februari 2021 alipofariki nyumbani, akiwa na miaka themanini na tisa, mama akiwa kando yake. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliozoa theluji kila asubuhi ili gari la wagonjwa lifike, na mafundi waliochonga jeneza lake bila msumari hata mmoja.

Baba, umetuachia jina la kutembea nalo kichwa juu. Umechoka kwa haki, pumzika.