Siku Zilizoachwa Wazi: Tunamkumbuka Sista Kadi

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo utani utakuwepo, lakini kidogo, maana tunayemkumbuka asingenisamehe ningemzungumzia kama nasoma tangazo la mnada. Ila nawaambia mapema: leo nimekasirika. Mtanivumilia.

Tunamkumbuka muuguzi. Amefariki Ijumaa iliyopita, akiwa na miaka hamsini na nane. Amefanya kazi kliniki ya mama na mtoto kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake la kwenye cheti walilijua wachache. Sisi wengine tulimwita Sista Kadi.

Kwa nini Kadi? Kwa sababu ulikuwa hutoki kwake bila kadi. Tena mbili. Moja inabaki kliniki, ya pili inakaa nyumbani kwako, na kila ukija, ya nyumbani inanakiliwa kwenye ya kliniki, zote mbili ziwe sawasawa. Kadi ya miraba, mraba mmoja kwa siku moja. Mwanamke anajiangalia mchana kutwa, jioni anapaka rangi. Nyekundu ni hedhi. Kahawia ni siku kavu. Bluu ni siku ya ute, ule unaovutika kama ute wa yai, unaokwambia kwamba siku hizo mimba inaweza kuingia. Na asubuhi, kabla hujashusha mguu kitandani, kipima joto mdomoni, unaandika namba. Basi. Anayetafuta mtoto anajua siku zake. Anayetaka kupumzika kuzaa naye anajua siku zake.

Na siku ambayo hukujiangalia? Mtoto kaumwa, umechoka, umesahau? Unaacha mraba wazi. Mweupe. Wasikilizaji, huo mraba mweupe mshikeni vizuri, maana hasira yangu yote ya leo imo humo.

Ilianza na fundi cherehani mmoja, jirani wa kliniki. Miaka sita anatafuta mtoto. Ukutani pale kliniki kulikuwa na bango: siku ya kumi na nne ndiyo siku ya kushika mimba. Fundi na mume wake wakaifuata siku ya kumi na nne kama tarehe ya mtihani. Miaka sita. Hakuna kitu.

Fundi ameniambia mwenyewe juzi msibani. "Sista aliniuliza, 'Mdogo wangu, mzunguko wako siku ngapi?' Nikasema thelathini na sita, saa nyingine thelathini na saba. Akashika kichwa. Akasema, 'Nyie watu mnapiga hodi, mnaondoka, halafu ndiyo mwenye nyumba anarudi!'"

Akapewa kadi. Bluu yake ikawa inatokea siku ya ishirini na moja, ishirini na mbili. Mwezi wa saba wa kujaza kadi akashika mimba. Huyo mtoto sasa kamzidi mama yake urefu.

Mwingine angefurahi akaishia hapo. Sista Kadi alikosa usingizi. Alijiuliza: bango limewapoteza wangapi? Akaomba ruhusa ya kufanya utafiti. Akaulizwa, "Wewe una diploma, utafiti wa nini?" Akajibu, "Wa kujua, bosi. Diploma haijanikataza kujua."

Akapewa chumba cha mwisho cha korido, kila Alhamisi mchana. Chumba chenye meza moja inayocheza na dirisha lisilofunga. Miaka tisa, wasikilizaji. Miaka tisa, wanawake mia mbili na kumi na wawili. Na hakumlazimisha mtu. Aliyetaka sindano au vidonge alimshika mkono akampeleka mlango wa pili. "Mimi siuzi njia," alikuwa anasema. "Mimi nahesabu."

Mume wake ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ananiambia, "Kaka, mimi nimepimwa joto kuliko wagonjwa wote. Kila kipima joto kipya lazima kijaribiwe kwangu. Sijasema hata umeamkaje, mdomo umeshazibwa. Nadhani ndiyo maana hatukugombana asubuhi miaka ishirini na tisa."

Hata hapa redioni alikuja mara moja. Nilimkaribisha mimi. Aliposema neno "ute", mkubwa wangu nyuma ya kioo akaanza kupunga mikono kama anaongoza ndege. Nikaogopa. Nikaweka muziki. Sista akaniangalia, akasema taratibu, "Umezaliwaje wewe?" Leo nalitamka: ute. Redio haijazimika, mnanisikia vizuri.

Sasa tufike pale panapouma.

Baada ya miaka tisa, kadi zikapelekwa ofisi ya takwimu ziingizwe kwenye kompyuta. Kadi mia mbili na kumi na mbili, kila moja na kurasa zake. Kazi akapewa karani mmoja, mtu mpole, mchapakazi. Naye alikuja msibani, akakaa pembeni, akaniita. Nanukuu maneno yake kwa ruhusa yake.

"Kompyuta ilikuwa inakubali vitu vitatu tu. Hedhi, kavu, ute. Ukiacha wazi inapiga kelele, haikuruhusu kuendelea. Mimi nikafikiri, kama mama hakupaka kitu, maana yake hakukuwa na kitu. Nikajaza kavu. Zote. Nilifikiri nasaidia."

Kila mraba mweupe ukawa siku kavu. Narudia, kwa aliyefungua redio sasa hivi: siku ambazo wanawake hawakujiangalia ziliandikwa kwamba walijiangalia, wakakuta kukavu.

Na ofisi ile ina utaratibu wake. Karatasi ikishaingia kwenye kompyuta, inachomwa. Hakuna nafasi ya kuweka makaratasi. Zikachomwa.

Katika wale wanawake, kumi na tisa walishika mimba wakati hawakutaka. Kompyuta ikatoa jibu: wengi wao wameshika mimba siku kavu. Yaani siku ambazo Sista alifundisha kwamba ni salama. Kamati ya utafiti ikakaa, ikasoma, ikaandika barua. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, amenisomea: "Utafiti umeonyesha wazi kwamba njia hii haifai. Tunakupongeza kwa kazi nzuri."

Tunakupongeza! Yaani mtu kakubomolea nyumba, halafu anakusifia rangi ya ukuta.

Sista alikwenda na barua mkononi. Akawaambia, "Hizi siku hazikuwa kavu. Zilikuwa wazi. Huyu mama hakuangalia. Kutoangalia na kutokuwepo ni vitu viwili."

Wakamwambia, sista, mbona unasumbuka? Jibu limeshapatikana. Ukikubali, ripoti itatoka, jina lako litakuwemo, la tatu baada ya madaktari wawili wa kamati. Utapandishwa cheo. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, wasikilizaji. Mimi ningesaini. Msinitazame hivyo, na wewe ungesaini.

Akakataa. Binti yake anasema, "Mama alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema, 'Wanataka niseme wale kinamama walidanganywa na miili yao. Mimi siwezi. Walikuwa wamechoka tu siku hiyo.'"

Ripoti ikazuiwa. Darasa la Alhamisi nalo likafungwa. Kile chumba sasa kimejaa maboksi ya glovu. Na bango la siku ya kumi na nne? Lipo. Nimepita jana nikaliona. Limepakwa gundi mpya.

Sista akakumbuka kadi za nyumbani. Zile za pili. Miaka minne ya mwisho, kila Jumamosi, alikuwa anazunguka kutafuta wanawake wake. Mmoja kahama mara tatu. Mmoja kadi yake imewashia jiko. Mmoja alimfungia mlango, akasema, "Sista, mume wangu hakujua, usije tena." Mmoja akamletea kadi ambayo mtoto alichora jua kubwa juu ya mwezi mzima wa tatu. Sista akaipokea, akasema, "Huyu naye ni mtafiti, ila hajanionyesha ruhusa."

Fundi cherehani alikuwa anamsindikiza. Anasema, "Nilimwambia dada, achana nao, utaumia. Akanijibu, 'Mdogo wangu, nimewaambia wanawake mia mbili waiamini kalamu yangu. Sasa niwaache na kalamu ya mtu mwingine?'"

Alishapata kadi mia moja sitini na tatu. Zimebaki arobaini na tisa. Katika zile mimba kumi na tisa, alishapata kadi za kumi na wawili. Na hao kumi na wawili, wasikilizaji, kumi na mmoja mimba iliingia kwenye siku nyeupe. Siyo kavu. Nyeupe. Mmoja tu ndiye alipaka kahawia kweli, na Sista alimwandika vilevile, hakumficha.

Wamebaki saba. Kamati imesema haitafungua tena faili mpaka hao saba wapatikane. Jumanne alianguka jikoni. Presha. Ijumaa akatutoka.

Kwa mume wake, fundi wetu: pole sana, kaka. Asubuhi zitakuwa na maneno mengi sasa, na najua huyataki. Kwa binti yake, kwa ndugu, kwa wauguzi wenzake, poleni. Mungu ampumzishe.

Na sisi tunaobaki, tujiulize. Ni mara ngapi tumeona mtu kanyamaza, tukaandika kwamba hana la kusema? Ofisini, nyumbani, kwenye fomu zetu. Mimi nilijiuliza jana, sikupenda jibu.

Mwisho. Binti yake ameniruhusu kusema hili. Kama uliwahi kukaa darasa la Alhamisi, na una kadi yako, iwe kwenye sanduku, iwe chini ya godoro, mpelekee huyo binti, mwalimu wetu, nyumbani kwao, Jumamosi yoyote. Kadi haina jina, ina namba tu. Hata kama imechanika. Hata kama ina jua.

Na dada yangu, nakuomba jambo moja. Ukiitoa ukakuta siku uliyoiacha nyeupe, usione aibu ukachukua kalamu leo. Usiijaze. Ilete hivyohivyo.