Yasinta na Ufunguo wa Choo cha Wageni

Baba Mchungaji, wafiwa, wazee wa Hombolo, kina mama wa kikundi cha zabibu, wafanyakazi wenzake marehemu mliofika na gari la ofisi, na wewe Mkurugenzi wao, Bwana Masudi, uliyekaa pale mbele kwenye kiti chenye mto, poleni sana na msiba. Naitwa Anyesi Kihwele, Mhehe wa Iringa, fundi cherehani wa Makole, jirani wa marehemu ukuta kwa ukuta, na kwa kuwa Mhehe na Mgogo ni watani tangu enzi za mababu, msishangae kuniona mimi nimeshika karatasi hii badala ya kaka yake. Marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, akasema ndugu zake ni watu wa adabu, watarukaruka mambo, lakini Mhehe hana adabu ya kutosha kuruka kitu. Wazee wa ukoo wamekaa kikao, wamekubali, na mjomba wake ameniruhusu nisome yote, ila nisiguse habari za mbuzi wake. Sitazigusa.

Marehemu Yasinta Chilongola alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 hapa hapa Hombolo, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Chilongola na Mama Damari, wakulima wa uwele na baadaye zabibu, na mama yake, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa alilia mara moja tu, akanyamaza, akaanza kutazama watu chumbani kama mtu anayetaka kujua nani kamruhusu nani kuingia. Tabia hiyo hakuiacha.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, kisha sekondari pale mjini hadi mwaka 1996, ambako alichaguliwa kuwa kiranja wa usafi, cheo ambacho wenzake walikikimbia kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusimamia vyoo, lakini yeye alikipokea kwa mikono miwili, akawa anasema kwamba ukitaka kumjua mwalimu mkuu usiingie ofisini kwake, ingia choo cha wanafunzi wake. Mwaka 2000 alitunukiwa cheti cha afya ya mazingira, na baba yake alichinja, japo alikuwa hajaelewa vizuri kwamba binti amesomea vyoo, na alipoeleweshwa aliuliza kama kuna masomo ya juu zaidi ya hapo.

Kwa utaratibu wa historia kama hii, kazi hutangulia ndoa, lakini kazi ndiyo yenye maneno mengi, kwa hiyo mnivumilie niitangulize ndoa. Tarehe 6 Septemba 2003 marehemu alifunga ndoa na Ndugu Elisha Mwaluko, fundi umeme, na Mungu akawajalia watoto wawili, Emilia aliyezaliwa mwaka 2005 na Amosi aliyezaliwa mwaka 2009, wote wako hapa, wameshika mkono wa baba yao. Elisha shemeji yangu, ulioa mke aliyekuzidi maneno, ukalijua hilo, wala hukuona aibu, na ndiyo maana mtaa mzima ulikupenda.

Sasa kazi. Tarehe 1 Februari 2012 marehemu aliajiriwa na Shirika la Afya na Usafi Kanda ya Kati, ambalo sote tunaliita SHAUKA, lenye ofisi pale Makole, akiwa afisa usafi wa vijijini, na kazi yake ilikuwa kupita vijiji vya Bahi, Chamwino na huku kwetu Hombolo akihimiza kila kaya iwe na choo bora. Shirika lilikuwa na utaratibu wake, na wazee hapa mnaukumbuka maana wengine uliwakuta, kwamba nyumba isiyo na choo inatundikiwa kitambaa chekundu mlangoni, na hakishuki mpaka choo kichimbwe, kijengwe, na kiwe na mlango unaofunguka. Vitambaa vile nilivipinda mimi kwa cherehani yangu. Marehemu alitundika, watu walinuna, walichimba, na kipindupindu kikapungua, kwa hiyo nani atasema alifanya kazi mbaya?

Mwaka 2016 wafadhili walilijengea shirika choo pale ofisini, na nasema choo kwa kukosa neno lingine, maana kilikuwa na vigae vyeupe, kioo, maji ya moto na sabuni ya kubonyeza, na ili kukipisha, kile choo cha zamani cha wafanyakazi kikabomolewa. Mkurugenzi alikata utepe, tukapiga vigelegele hadi sisi majirani, kisha akafunga mlango, akatangaza kwamba hiki ni choo cha wageni, kisije kikachakaa kabla wenyewe waliokijenga hawajarudi kukiona. Ufunguo akautia kwenye pete moja na ufunguo wa gari lake, kwa hiyo akienda Arusha kwenye semina, choo nacho kinakwenda semina.

Jamani, watu kumi na wanne, ofisi inayofundisha mkoa mzima habari ya vyoo, wakawa wanavuka barabara kwenda kuomba choo kwa Bi. Rekha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye aliyewauzia yale masinki ya chooni, na mama wa watu hakuwahi kumrudisha mtu, alikuwa anawaonyesha tu mlango wa nyuma na kuwauliza kama lile sinki alilowauzia lina hitilafu. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini kinyozi huyu alikuwa na wembe, kioo na maji ya moto, akavifungia.

Mwaka 2019 wafadhili wakaagiza kwamba wafanyakazi nao wawe na namna ya kutoa malalamiko yao kwa siri, bila kuonwa na mtu. Mkurugenzi alinunua sanduku zuri la maoni, akatafakari ni mahali gani pale ofisini mtu anaweza kuwa peke yake bila kuonwa, akalipigilia ndani ya choo cha wageni. Bwana Masudi, usiiname, sikucheki, nasoma tu. Mwisho wa mwaka ripoti ikatoka, ikasema kwa furaha kwamba hakuna lalamiko hata moja lililopokelewa.

Marehemu alilalamika kwa mdomo, kwenye kikao, akisimama, na kila mara alijibiwa kwamba hoja yake ni nzuri na itafanyiwa kazi. Wenzake walimwambia aache, mikataba yao ni ya mwaka mmoja mmoja na mwenye kalamu ni yule yule mwenye ufunguo, lakini yeye alisema mficha uchi hazai, akaendelea kusimama.

Tarehe 17 Oktoba 2023 shirika liliwaalika kina mama wa kikundi cha zabibu cha Hombolo, hao mnaowaona pale upande wa kushoto, waje Makole kuiona ofisi ya mfano. Walipokelewa vizuri, wakanyweshwa chai, wakanyweshwa soda, wakanyweshwa maji, kisha mwenyekiti wao, Mama Mwamvua, akauliza kwa heshima choo kiko wapi. Mkurugenzi alikuwa Mtumba, wizarani, akieleza umuhimu wa vyoo. Mhasibu alimnong'oneza marehemu aseme maji yamekatika, na wengine wakamkonyeza, lakini Yasinta akawaambia wageni ukweli, kwamba choo kipo, kizuri sana, ila ufunguo uko Mtumba.

Kina mama wakavuka barabara kwa mstari kwenda kwa Bi. Rekha, wakarudi, na Mama Mwamvua, ambaye mwaka ule uliotangulia alikuwa ametundikiwa kitambaa mlangoni kwake na akaona haya kijiji kizima, akanyoosha mkono bila kusema mengi, akaomba kitambaa. Marehemu alifungua mkoba, akampa. Mkurugenzi aliporudi jioni, akiwa na wakubwa wawili ndani ya gari aliokusudia kuwaonyesha ofisi, alikuta kitambaa chekundu kinapepea kwenye geti lake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Marehemu alipewa onyo kwa kosa la kutoa mali ya ofisi bila kibali, mali yenyewe ikiwa ni hicho kitambaa, na meza yake ikahamishiwa nyuma, jirani na jenereta. Mkurugenzi alikishusha kitambaa kwa mkono wake, kesho yake kikawepo kingine, naye akashusha, kikawepo kingine. Nani alikuwa anatundika mimi sijui, mimi ni fundi, nashona ninachoagizwa.

Sasa naomba tutulie, maana hapa utani unaniishia. Katika miaka yote ile marehemu alijifundisha kutokunywa maji, alikuwa anakunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri na kisha hanywi kitu mpaka arudi nyumbani jioni, na mnalijua jua la Oktoba la Dodoma. Alianza kuugua njia ya mkojo, anapona, inarudi, anapona, inarudi, na daktari alipomwambia anywe maji mengi mchana kutwa, alicheka, akamuuliza daktari akishayanywa ayapeleke wapi. Mei 2024 ikagundulika kwamba figo zimeharibika, akaanza kusafishwa damu hospitalini pale mjini, na kila aliporudi tulikaa naye kibarazani, mimi nikimtania, yeye akinitania, mpaka ikafika siku nikamtania akashindwa kunijibu, akanishika tu mkono. Alifariki dunia Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mume wake akiwa pembeni. Sisemi ofisi ilimuua, mimi si daktari. Nasema alikuwa na kiu miaka mingi, na inaniuma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Makole waliopika na kulala hapa, kanisa, na kina mama wa zabibu. Inamshukuru kipekee Bi. Rekha, aliyefunga duka leo ili aje, mama, bomba lako lisikauke kamwe. Inawashukuru wafanyakazi wenzake, hasa Nasra, binti wa Kondoa, aliyekuwa akimletea uji hospitalini naye ana mimba ya miezi saba, na ambaye mpaka juzi alikuwa bado anavuka ile barabara mara kwa mara, huku bodaboda zikimpigia honi. Na inalishukuru shirika kwa rambirambi, kwa shada la maua, na kwa fulana mlizovaa zenye picha ya marehemu, ambazo chini yake mmeandika CHOO SAFI NI HAKI YA KILA MTU.

Karatasi imeishia hapo, yanayofuata ni ya kinywa changu. Wazee mnajua kwamba mtani ana haki ya kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe anachodai, na kwa kawaida huwa tunadai mbuzi, lakini mjomba atulie, leo sitaki mbuzi, wala sitaki hela. Vijana, wekeni jeneza chini. Nakaa hapa mbele yake. Nataka ufunguo.

Bwana Masudi, usitazame nyuma, nyuma yako kuna turubai tu. Usinikasirikie mimi, mtani hakasirikiwi msibani, ni mwiko. Ukisema utalifikisha kwenye kikao, sisi tutakaa, chakula kipo, kina mama wa Hombolo hawana haraka, na Yasinta ndiye aliyetufundisha kusubiri. Naona mkono umeingia mfukoni. Umeng'ang'ania kwenye pete? Taratibu, tumia kucha, uache wa gari, utoe huo mwingine. Haya. Ahsante, baba, Mungu akubariki, nasema kweli, sitanii.

Nasra mwanangu, njoo upokee, tembea polepole. Usiuvae shingoni wala usiutie mfukoni, upigilie msumari pale mapokezi, uutundike, kila mtu auone. Kitambaa nilichokuja nacho nakirudisha mkobani. Vijana, mwinueni sasa, njia iko wazi.

Yasinta, mtani wangu, wamekufungulia. Kunywa maji, mama, unywe ushibe, kisha upumzike kwa amani.