Punje za Buluu kwenye Kapu la Fidencio

Benchi lenyewe ni gogo la msonobari lililoegemezwa ukutani mwa kinu cha kijiji, huko milimani Oaxaca, na asubuhi hiyo ya mwisho wa Januari wenye gogo lao walishakaa. Ndani, wanawake walisagisha mahindi yaliyolala kwenye maji ya chokaa. Nje, vikombe vya kahawa ya mdalasini vilizunguka. Kesho kutwa padri angebariki mbegu za mwaka, kila nyumba na kapu lake. Fidencio alikuwa na lake mapajani, roho imemvimba. Mahindi meupe ya babu yake, ambayo hayajawahi kuchanganyika, safari hii yalitoka na punje za buluu. Kila hindi! Na jirani anayelima ya buluu ni mmoja tu: Hermila, mjane.

— Amenifanyia makusudi, alisema Fidencio.

— Mbona hilo liko wazi! alidakia Redio, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. — Yule ana nyuki wake. Kawafundisha. Wakitoka kwake ni moja kwa moja shambani kwako, hata hodi hawapigi.

— Nyuki gani! alisema Chokaa, mzee aliyepata jina hilo kwa kuunguza mahindi ya harusi yake mwenyewe kwa chokaa nyingi. — Ni kofia ya marehemu mumewe. Kaizika mpakani, na marehemu ndiye anayepuliza. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Kwani marehemu si mgeni huko alikokwenda?

Walicheka. Fidencio hakucheka. Alikuwa akiwaza jinsi kila Agosti watu wanavyojazana uani kwa Hermila kula mahindi mabichi ya kwanza, wakati ya Fidencio bado hayajajaza punje. Mke wake mwenyewe huenda huko, na hurudi akijilamba vidole! Wivu ulimla Fidencio mpaka usingizi ukamkimbia.

— Au una wivu, ndugu yangu? alichokoza Redio.

— Wivu wa nini? Ana mahindi yanayowahi kukomaa. Hata magugu huwahi.

— Mimi nimesikia anayapaka rangi mahindi yako, alisema Redio. Punje moja moja, kwa unyoya wa kuku.

— Shamba zima?

— Mjane ana kazi gani nyingine?

Hapo akatoka Abundia, fundi mpya wa kinu, aliyehamia wiki hiyo kutoka bondeni. Alifuta mikono kwenye aproni, akachukua hindi moja kapuni na kuligeuzageuza.

— Yameoana haya, alisema.

— Tena bila posa! alisema Chokaa.

— Kwetu ya buluu hutoa mbelewele, yale maua ya juu, mapema, meupe hufuata baadaye sana. Ukiyapanda siku moja maua yake hayakutani. Kwani ninyi hampandi siku moja?

— Siku moja, mama! alijibu Chokaa. — Siku ya Mtakatifu Isidro, mwezi wa tano, kijiji kizima. Tangu mababu.

— Na wewe, mzee wangu, ulipanda siku gani?

Fidencio alilivuta kapu kifuani. Chokaa akachungulia ndani ya kikombe chake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa na habari. Wote walimwona mwezi wa nne mwaka jana, mvua haijanyesha bado, akipanda mahindi yake na kupandisha maji kwa punda asubuhi hadi jioni, ili Agosti ile naye awe na mahindi mabichi siku ileile ya Hermila. Na alikuwa nayo. Watu wakapita mlangoni kwake wakaenda kwa Hermila.

— Nimeuliza vibaya? alisema Abundia.

Fidencio alilichukua hindi lake mkononi mwa Abundia taratibu, akainama, akaanza kuzibandua punje za buluu kwa ukucha, moja baada ya moja.